Kongo ya kurasa mbili kwa wiki

Ubelgiji ina kilomita za mraba 30,000 na ushei. Kongo ina zaidi ya milioni 2.3. Nchi hiyo, yenye ukubwa wa Ubelgiji zaidi ya sabini, kijana wa miaka 23 aliichora akiwa Brussels, bila kukanyaga hata bandari ya Matadi. Jina lake Georges Remi. Wasomaji walimjua kama Hergé.

Kuanzia tarehe 5 Juni 1930 hadi 11 Juni 1931, kila Alhamisi, Le Petit Vingtième, toleo la watoto la gazeti la Kikatoliki Le Vingtième Siècle, lilichapa kurasa mbili za safari ya Tintin, shujaa wa katuni zake, huku kwetu. Jumla ni kurasa kama 110. Hergé mwenyewe alitaka kumpeleka Tintin Marekani. Mkurugenzi wake, padri Norbert Wallez, ndiye aliyemtaka aanzie Kongo. Kwa kasi hiyo, utafiti ulikuwa wa vitu vya makumbusho ya Kongo huko Tervuren, Ubelgiji, na masimulizi ya kikoloni. Gharama ndogo mno, kwa maoni yangu, kwa nchi ya watu.

Tazama treni yake. Gari la Tintin linagongana nayo, na treni ndiyo inayopinduka kama kopo. Kisha anawaamuru abiria Waafrika waiinue, na mbwa wake anawaita wavivu. Wakati huo reli halisi ya kutoka Kabalo ilikuwa imekwisha kufika Kalemie, Albertville ya enzi hizo, tangu 1915: kilomita 273, zilizolazwa kwa jasho la Waafrika.

Mwaka 1946 kitabu cha safari hiyo kilitiwa rangi na kupunguzwa hadi kurasa 62. Somo la Tintin la kuwaambia watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji likageuzwa kuwa hesabu ya kujumlisha. Treni ikabaki.

Mwaka 2007 Mkongo Bienvenu Mbutu Mondondo alikishtaki kitabu hicho Brussels, akidai fidia ya euro moja tu. Mwaka 2012 mahakama ilimkatalia. Mwaka 2021, mchoro mmoja wa Hergé, aliouchora kwa ajili ya jalada la kitabu kingine, uliuzwa mnadani Paris kwa takriban euro milioni 3.2.

Walimu wa Kalemie wanaokifundisha kitabu hiki waanze na ukurasa wa treni, kisha wawapeleke wanafunzi stesheni.