Kilo na Pumzi: Vipimo vya Mwili kwa Kijana wa Singida Anayetaka Jeshi

Kijana wa Singida, awe wa Iramba, Mkalama au Manyoni, kwa kawaida huanza safari ya jeshi katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, ambalo maombi ya vijana wake wa kujitolea huratibiwa na ofisi za wakuu wa wilaya na mikoa. Na pale Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) linapotangaza nafasi, cheti cha mafunzo ya JKT huwa miongoni mwa masharti. Matangazo hayo hudai uraia, umri, vyeti, mwenendo mwema, afya nzuri na akili timamu, lakini kwa kawaida hayataji kilo. Ukimya huo huwaacha waombaji wakibahatisha, ingawa una busara yake, kwa kuwa afya huamuliwa na daktari, wala haisomwi kwenye mizani peke yake.

Kenya imechagua njia nyingine. Majeshi yake ya Ulinzi hutangaza urefu usiopungua mita 1.60, na uzito usiopungua kilo 54.55 kwa wanaume na kilo 50 kwa wanawake. Udhaifu wa kiwango cha namna hii huonekana mara kinapolinganishwa na uwiano wa uzito na urefu, yaani kilo za mtu zikigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ambao kwa mtu mzima mwenye uzito unaofaa huwa kati ya 18.5 na 24.9. Mwanamume wa mita 1.60 mwenye kilo 50 ana uwiano wa 19.5, hivyo hana upungufu wowote, lakini mizani ya Kenya ingemkataa. Mwenzake wa mita 1.80 mwenye kilo 55 ana uwiano wa 17 tu, naye angepita, angalau mpaka amfikie daktari. Hata uwiano wenyewe una mipaka, maana mwanatakwimu wa Ubelgiji aliyeubuni katika miaka ya 1830, Adolphe Quetelet, alikuwa akitafuta umbo la mtu wa wastani, si askari bora, na hesabu yake haitofautishi misuli na mafuta. Ndiyo sababu jeshi la nchi kavu la Marekani hupima pia kiuno kwa utepe, na mwaka 2023 lilianza kumsamehe kipimo cha mafuta askari anayepata alama za juu sana katika mtihani wa mazoezi.

Hata hivyo, kiwango cha chini cha uzito hakikuwekwa bure. Mzigo wa kilo 24 ni nusu ya uzito wa askari wa kilo 48, ilhali kwa mwenzake wa kilo 72 ni theluthi tu, na mwendo mrefu huifichua tofauti hiyo bila huruma.

Suala zito zaidi ni kwamba mwili unaofika kwenye usaili ulianza kujengwa utotoni. Uingereza ililitambua hilo wakati wa Vita vya Makaburu vya Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, wanaume wengi wa miji ya viwanda walipokataliwa kwa udhaifu wa mwili. Kamati ya serikali ikatoa taarifa mwaka 1904, na mwaka 1906 sheria ikaziruhusu halmashauri kuwalisha watoto shuleni. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wana udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri unaotokana na lishe duni ya muda mrefu. Jeshi la Polisi limewahi kutaka futi 5 na inchi 8 kwa wanaume na futi 5 na inchi 4 kwa wanawake, na inchi iliyopotea utotoni hairudishwi na mchakamchaka wa ukubwani.

Wembamba peke yake si kasoro. Alphonce Felix Simbu, mwanajeshi wa JWTZ aliyezaliwa katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia jijini Tokyo mwezi Septemba 2025, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika mashindano hayo ya ubingwa wa dunia wa riadha, na mwili wake ni mwepesi kama ilivyo kwa wakimbiaji wengi wa masafa marefu.

Singida hupata msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na ghala hupungua kabla ya mavuno, kwa hiyo anayehitaji kuongeza kilo hufanya vyema kuanza mapema, kwa ugali wa mtama au uwele unaoliwa pamoja na maharage, karanga, mayai ya kuku wa kienyeji na maziwa. Anayetaka kupunguza asizidi nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Anayejinyima maji ili aidanganye mizani asubuhi ya usaili huweza kuipita, kisha akaanguka kwenye mbio za siku hiyohiyo.