Shamba la Pemba halitaki mti wa aina moja

Mgeni anayeshuka bandarini Mkoani na kupanda gari kwenda Chake Chake, kisha Wete, huona kijani tupu njia nzima. Mikarafuu, minazi, mifenesi na mishelisheli imesongamana vilimani, na mabonde ya mpunga yamelala katikati yake. Waarabu wa zamani walikiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadhra, kisiwa cha kijani, na kwa mpita njia jina hilo linakifaa hadi leo.

Ukiiacha barabara ukaingia mashambani, mambo hubadilika. Viko vilima vilivyobaki na muhogo mtupu, mashina membamba juu ya udongo uliopauka kwa kuoshwa na masika baada ya masika. Yako mashamba ya eka tatu ambayo mikarafuu yake imezeeka, ikafa mmoja mmoja, na hakuna aliyepanda mwingine mahali pake. Upande wa mashariki, hasa Micheweni, udongo ni haba juu ya mawe ya matumbawe, na kila kichaka kinachokatwa kwa kuni huchukua miaka mingi kurudi.

Ardhi ya namna hii haiponi kwa siku moja ya kupanda miti wala kwa kugawa miche ya aina moja. Inapona pale mkulima anapopata mchanganyiko wa miti itakayomlisha na kumwingizia fedha wakati huo huo inapolitengeneza shamba lake. Wako Wapemba ambao wamekuwa wakilifanya jambo hili kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na kazi yao inastahili kuenea kisiwa kizima.

Karafuu ilivyokibeba kisiwa

Mkarafuu uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vilivyotawaliwa na Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikali kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo ndiyo iliyobeba mzigo wa zao hili. Vizazi kadhaa vya Wapemba vimejenga nyumba, vimeoza watoto na vimekwenda hija kwa fedha za karafuu.

Kuegemea mti mmoja kuna gharama yake. Mkarafuu hauzai sawasawa: mwaka huu huvunja matawi kwa mzigo, mwaka ujao huenda usizae cha kujaza jamvi. Katika karne ya 20 ugonjwa uliopewa jina la kifo cha ghafla uliteketeza mikarafuu kwa wingi Unguja na Pemba, na wataalamu wakaja kubaini kuwa chanzo chake ni kuvu. Soko nalo likaja na pigo lake. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilipanda mikarafuu yake yenyewe hadi ikajitosheleza, na bei ya dunia ikaporomoka.

Mkulima mdogo aliyeachwa na mikarafuu mizee na bei duni alifanya lililokuwa ndani ya uwezo wake. Alikata kuni, akachoma mkaa, akalima muhogo mlimani, na mwaka uliofuata akaulima tena pale pale. Mvua ya Pemba hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na sehemu kubwa yake huanguka katika miezi michache ya masika. Mteremko usio na mizizi ya kuushika hauwezi kuhimili maji hayo. Udongo wa juu huteremka bondeni na kufukia mifereji ya mpunga, na hivyo familia moja hupata hasara mara mbili, mlimani na bondeni.

Msitu wa viungo

Atakaye kujua ardhi ya Pemba inapenda nini na aende Ngezi, kaskazini magharibi mwa kisiwa, katika msitu wa asili uliohifadhiwa tangu enzi za ukoloni. Mvule umesimama juu, miti ya kimo cha kati imejipanga chini yake, na humo umo mpapindi, mnazi-mwitu ambao asili yake ni Pemba. Kila mmoja una kimo chake na kina chake cha mizizi. Udongo wa Ngezi haujapata kuwekewa mbolea ya dukani, na haujachoka.

Shamba linalofufuliwa kwa kilimo cha msitu wa viungo huiga mpango huo, ghorofa juu ya ghorofa. Migomba hutangulia. Hukua haraka, hutoa ndizi ndani ya mwaka mmoja hivi, na kivuli chake ndicho kinachoukinga mche wa mkarafuu, ambao ukiwa mchanga haustahimili jua kali. Kando yake hupandwa miti jamii ya kunde kama glirisidia, ambayo majani yake huoza upesi na kuurudishia udongo naitrojeni, na shina lake hai huwa nguzo ya kupandia pilipili manga na vanila. Mdalasini hukatwa ukachipua tena. Tangawizi, manjano na iliki hukaa chini penye kivuli. Juu ya vyote hukua mikarafuu, mifenesi, miembe na mishelisheli.

Ubora wa mpango huu uko katika kalenda yake. Mkarafuu humtaka mkulima asubiri miaka sita au zaidi kabla ya kuchuma mara ya kwanza, na mwenye watoto wa kulisha hawezi kukaa miaka sita akitazama mche. Akiwa na ndizi za mwaka wa kwanza, tangawizi ya kila msimu na mdalasini, pilipili manga na vanila baada ya miaka mitatu au minne, kusubiri kunawezekana, na mkarafuu hupata nafasi ya kukua bila kung'olewa kupisha muhogo.

Vanila inataka mkono wa mtu. Huku kwetu hakuna mdudu wa kuichavusha, hivyo kila ua huchavushwa kwa kijiti asubuhi lilipofunguka, kwa njia aliyoigundua Edmond Albius, kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Ni kazi ya subira, lakini hufanyika kivulini karibu na nyumba, na wanawake wengi wameimudu.

Kazi ya Kokota

Mwaka 2007 hivi, kijana wa Kanada, Jeff Schnurr, alifika Pemba na kukutana na wanakijiji waliokuwa na hamu ya kurudisha miti yao. Alishirikiana na Mpemba Mbarouk Mussa Omar, na kutokana na ushirikiano huo ikazaliwa jumuiya ya Community Forests Pemba, maarufu kwa jina la CFP. Kwa miaka iliyofuata vijiji vilianzisha vitalu vyao, vikajaza viriba udongo na samadi, vikaatika miche na kupanda zaidi ya miti milioni moja.

Kazi hiyo ilijulikana zaidi kupitia Kokota, kisiwa kidogo cha magharibi ya Pemba chenye wakazi mia chache tu. Miti ilikuwa imekwisha na maji ya kunywa yalifuatwa kwa chombo baharini. Wakazi walipanda miti ya kuni, ya mbao na ya matunda, na wakajenga matangi ya kuvunia maji ya mvua. Kisa chao kiliingia katika filamu iliyotoka mwaka 2016.

Baadaye CFP ilijiunga na chama cha waandishi wa habari wanawake, TAMWA Zanzibar, na shirika la People's Development Forum katika mradi wa Viungo, Mboga na Matunda uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, na wakulima wa Unguja na Pemba wakasaidiwa kulima mazao mchanganyiko na kuyatafutia soko.

Mti wa nani, ardhi ya nani

Liko jambo moja ambalo wafadhili wengi huchelewa kuliona. Zanzibar, mwenye mti si lazima awe mwenye ardhi. Mkarafuu unaweza kurithiwa, kukodishwa au kuwekwa rehani ukiwa umesimama katika shamba la mtu mwingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iliichukua ardhi na kuwagawia wananchi eka tatu tatu, lakini wengi, hasa wanawake, hadi leo hulima mahali walipoazimwa. Desturi humruhusu mwazimwa kupanda muhogo, mpunga au mtama. Haimruhusu kupanda mti wa kudumu, kwa kuwa kupanda mti ni kama kudai shamba.

Ndiyo maana mwanamke anayejua kila hatua ya kulea mche, tangu mbegu hadi kupandikiza, huweza kukosa mahali pa kuupanda. Muhogo hulimwa mwaka hadi mwaka katika ardhi ile ile kwa sababu ndilo zao aliloruhusiwa. Mradi wa ZanzAdapt, unaofadhiliwa na Kanada, umewaweka wanawake mbele katika kuhimili mabadiliko ya tabianchi, na suala la haki yao juu ya ardhi limo ndani yake. Hapo ndipo pa kukazania.

Bara wana ushahidi wa nguvu ya umiliki. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 katika mkoa ambao watu waliuita jangwa. Ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho na kuyapumzisha, ukaziacha mikononi mwa kaya na vijiji vyenyewe. Hadi mpango ulipofika ukingoni mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili. Watu waliilinda miti kwa kuwa kuni, dawa, asali na majani ya ng'ombe vilikuwa vyao.

Yanayopasa kufanywa

La kwanza ni mkataba. Masheha na wazee wa ukoo wanaweza kusimamia maandishi mafupi kati ya mwenye shamba na mwazimwa: miti hii itapandwa, mazao yatagawanywa hivi, na ardhi itabaki ya mwenyewe. Familia nyingi zingekubali iwapo haki ya kila upande ingejulikana kabla mche haujaingia shimoni.

La pili ni vitalu. Serikali hugawa miche ya mikarafuu, na hilo ni jema. Mkulima anayepewa mikarafuu kumi apewe pia machipukizi ya migomba, miche ya mdalasini na vikonyo vya pilipili manga, ili shamba limlipe kabla mkarafuu haujazaa.

La tatu ni hesabu. Tumezoea kutangaza idadi ya miti iliyopandwa siku ya sherehe, viongozi wakiwa wameshika majembe. Itangazwe idadi ya miti iliyo hai baada ya miaka mitatu, shehia kwa shehia, na fedha za miradi zifuate takwimu hiyo. Shehia ambayo miti yake imekufa itafutiwe sababu: huenda ni mbuzi, huenda ni ukame, na mara nyingi itakuwa ni kwamba aliyeipanda hakuwa na haki ya kula matunda yake.