Hakuna Dirisha la Kufungulia Kimbunga

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Dada mmoja wa Tanga, aliyeishi Marekani miaka mingi, amenunua kiwanja karibu na maji, kusini kidogo ya Charleston. Akaja na ramani aliyoipenda: nyumba ya mbao iliyoinuliwa, ngazi pana mbele, baraza limeizunguka pande mbili, madirisha marefu yenye vifuniko vya kijani. Ramani nzuri. Tukaitandaza mezani, na swali lake la kwanza likawa hili: "Kaka, lile dirisha la kufungua kimbunga kikija tuliweke upande gani?"

Dirisha hilo halipo, na halijawahi kuwapo. Swali hili nimelijibu kwenye simu, harusini na hata msibani, kwa Wamarekani na kwa Waswahili wenzangu. Hata nyumbani liliulizwa, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania Mei 2024. Leo naliandika mara moja kwa wote, kwa sababu wapo watu wanaochagua ramani nzima kwa kufuata imani hii.

Imani yenyewe inasema hivi: kimbunga kikifika, mgandamizo wa hewa ya nje hushuka. Hewa iliyofungiwa ndani ikikosa pa kutokea, nyumba itapasuka kama puto. Kwa hiyo acha wazi dirisha moja upande usiopigwa na upepo. Wapenzi wa nyumba za pwani ya Kusini wana hoja ya ziada. Nyumba hizi, wanasema, zilijengwa zipumue. Itazame nyumba ya kale ya Charleston: ina upana wa chumba kimoja tu, ubavu wake mwembamba unatazama barabara, na baraza refu limekaa upande wa kusini au magharibi kuupokea upepo wa bahari. Wazee waliziacha wazi namna hiyo na zimesimama miaka 200. Kwani wao hawakujua?

Walijua, tena sana. Baraza lile na madirisha yale yanayotazamana yalikuwa dawa ya joto la Julai, na mpaka leo ni dawa nzuri. Aliyekulia Lamu au Mombasa haelezwi faida ya kuupisha upepo wa kusi ndani ya nyumba. Lakini dawa ya joto si dawa ya kimbunga. Siku ya kimbunga wazee wale walifunga vifuniko vizito vya mbao, vyenye bawaba za chuma na komeo. Ndiyo kazi ya vifuniko vile, wala havikuwekwa kwa urembo. Na usisahau kwamba nyumba za kale unazozipiga picha ni zile zilizobaki. Zilizochukuliwa na upepo na maji hazina mtu wa kuzisifia.

Sasa tupime hoja ya puto. Kimbunga Hugo kiliingia nchi kavu kaskazini kidogo ya Charleston usiku wa kuamkia Septemba 22, 1989. Mgandamizo katikati yake ulikuwa milibari 934, wakati kawaida kwenye usawa wa bahari ni 1013. Tofauti ni kama asilimia 8, na haiji ghafla. Hushuka polepole, saa baada ya saa, kimbunga kikikaribia. Mimi sijaona nyumba ya mbao isiyovuja hewa kwa muda wote huo. Hewa hupita chini ya milango, kwenye matundu ya soketi, kwenye bomba la moshi wa jikoni, darini. Hewa ya ndani inashuka pamoja na ya nje bila wewe kugusa kitasa. Hakuna cha kusawazisha, kwa sababu kimeshasawazika.

Hadithi ya kupasuka ilitoka kwenye tonado. Watu walikuta kuta zimeangukia nje, wakasema nyumba imelipuka. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Texas Tech walianza kuchunguza vifusi kwa makini baada ya tonado iliyoupiga mji wa Lubbock mwaka 1970, wakakuta ni kazi ya upepo. Upepo ukigonga ukuta wa mbele unausukuma ndani, lakini kuta za ubavuni na ya nyuma unazivuta nje, na paa unalivuta juu. Paa likishaondoka, ukuta hauna cha kuushika kichwani, basi unaanguka kule unakovutwa. Ukiukuta umelala nje, usidhani kuna mlipuko uliotokea ndani.

Adui ni upepo, na nguvu yake haipandi sambamba na mwendo wake: mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukuma kwa uzito wa kilo 48 hivi kwa kila mita ya mraba. Wa kilomita 200 kwa saa unafika karibu kilo 190. Mlango wa gereji ya magari mawili una mita za mraba kama 10, kwa hiyo unaegemewa na karibu tani 2, kabla hatujaingiza hesabu za umbo la nyumba na za mahali ilipo. Tuna jambo zito kuliko puto la kushughulikia hapa.

Tufike kwenye dirisha lako. Kanuni za mizigo ya majengo wanazotumia wahandisi wa Marekani, ASCE 7, zinaigawa mizigo ya hewa ya ndani kwa kuangalia uwazi. Nyumba iliyofungika hupigiwa hesabu kwa kipimo cha 0.18. Nyumba yenye uwazi mkubwa upande mmoja kuliko pande nyingine hupigiwa 0.55. Yaani mara tatu. Upepo unaingia kwa dirisha la mbele, unakosa pa kutokea, unajaa na kulisukuma paa kwa chini wakati upepo wa nje unalivuta kwa juu. Nguvu mbili zinajumlishwa, na kinacholishikilia paa ni misumari na vyuma vya kenchi. Hivyo ndivyo nyumba inavyovuliwa kofia.

"Lakini mimi nimesema dirisha la nyuma, sio la mbele." Nimeisikia. Na kwa haki ya kitaalamu nakiri kwamba kwenye karatasi, kama upepo ungeganda upande mmoja usiku kucha, uwazi wa nyuma ungelipunguzia paa mzigo. Tatizo ni kwamba kimbunga huzunguka. Katika nusu hii ya dunia upepo wake unakwenda kinyume cha mishale ya saa, na kimbunga chenyewe kinasonga mbele. Jicho likipita juu yako, upepo unatulia kidogo, kisha unarudi kutoka upande ule mwingine kabisa. Hata jicho likipita mbali, upepo unahama hatua kwa hatua. Dirisha lililokuwa nyuma saa nne usiku ni la mbele saa saba. Nani atatoka kwenda kulifunga, gizani, vioo na mbao zikiruka? Watu wameumia kwa kazi hiyo hasa.

Ushahidi wa kinyume upo, na upo jirani. Katika wilaya ya Chester, hapa hapa South Carolina, kuna kituo cha utafiti cha IBHS, taasisi inayogharimiwa na kampuni za bima. Wana ukumbi wenye feni 105 za kupuliza nyumba nzima, ya ukubwa wa kweli. Walichokiona ni kwamba kufunga hata milango ya ndani, ya vyumbani, kunaweza kulipunguzia paa mzigo kwa hadi asilimia 30, kwa sababu upepo ukivunja upande mmoja haupati nafasi ya kujaa nyumba nzima. Wao wanafunga hadi chumba cha kulala, wewe unaniomba nikuachie dirisha wazi!

Kama feni hazikutoshi, uliza Florida. Kimbunga Andrew kilipopita kusini mwa Miami Agosti 1992, wakaguzi walikuta mfuatano uleule nyumba baada ya nyumba: mlango wa gereji umebomoka au kioo kimevunjwa na kitu kilichorushwa, upepo umeingia, paa limeondoka, mvua imemaliza kilichosalia. Jimbo likaandika upya kanuni zake za ujenzi, zikaanza kutumika 2002, na ulinzi wa madirisha na milango ni moja ya nguzo zake. Kanuni hizo zimelipiwa kwa nyumba za watu. Naomba sana zisishindwe na maneno ya jirani.

Tepu ya msalaba kwenye vioo nayo ni hadithi ya ukoo huohuo. Haiongezi nguvu ya kioo hata kidogo. Kioo kikivunjika, tepu inavishikanisha vipande na kuvifanya vikubwa na vya hatari zaidi. Muda wa kubandika tepu utumie kupigilia plaiwudi ya milimita 11 au zaidi, iliyokatwa na kutobolewa mapema, si siku ya kimbunga.

Kwa hiyo ramani ya nyumba ya Kusini usianze kuisoma barazani. Anza na matundu. Hesabu kila dirisha, kila mlango wa kioo, na mlango wa gereji, kisha uliza kimoja kimoja: hiki kitafungwa na nini? Vifuniko vya kwenye picha ya ramani mara nyingi ni vibao viwili vilivyopigiliwa ukutani, vyembamba kuliko nusu ya dirisha. Vikikutanishwa havifuniki kitu. Dai vifuniko vya kweli vyenye bawaba na komeo, upana wake ulingane na dirisha, au vioo vilivyothibitishwa kuhimili vitu vinavyorushwa na upepo. Utaratibu wa Charleston ya kale utaupata hivyo, na nyumba itapendeza zaidi kuliko ya vibao vya uongo.

Yaliyobaki nayataja upesi, kwa mpangilio wa umuhimu.

Kiwanja kwanza, ramani baadaye. Kabla hujalipia ramani, ujue kiwanja kiko eneo gani kwenye ramani za mafuriko za serikali na maji yanakadiriwa kufika urefu gani. "Mafuriko ya miaka 100" hayana maana ya mara moja katika miaka 100. Ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na kwa mkopo wa nyumba wa miaka 30 unakuwa asilimia 26. Kwenye eneo V, ambako mawimbi hufika futi 3 au zaidi, nyumba lazima ikae juu ya nguzo, na boriti za chini kabisa zisiwe chini ya urefu huo wa maji. Mimi huongeza futi 2 juu yake pale kiwanja kinaporuhusu. Chini ya nyumba ni pa kuegesha gari, ngazi na stoo, na kuta zake ziwe za kuachia maji yakizisukuma. Usinipe ramani yenye chumba cha mgeni kule chini.

Paa: chagua linaloteremka pande zote nne. Ncha za pembetatu zilizosimama wima ndizo hubomolewa mapema. Kila kenchi ifungwe kwa chuma kwenye ukuta, ukuta kwenye sakafu, sakafu kwenye nguzo, bila kiungo kilichoachwa. Karibu na maji ya chumvi vyuma viwe visivyoshika kutu.

Baraza: lisipungue futi 8 kwa kina, la sivyo halikai watu na halitoi kivuli. Liwe upande wa kusini au magharibi kama upepo wako unatoka huko, na si kwa sababu picha inalionyesha mbele. Paa lake lijitegemee, ili likichukuliwa lisiondoke na paa la nyumba. Dari yake ipakwe buluu ya Wagullah, Wamarekani weusi wa pwani hii, ukipenda. Ni urithi wao na unapendeza.

Nyumba iliyoinuliwa kidogo tu, mbali na mawimbi, yenye uwazi uliozungushiwa ukuta chini ya sakafu: usikubali matundu ya hewa kwa mazoea. Hewa ya Agosti ya pwani hii ni nzito kwa unyevu. Inaingia kule chini, inakutana na sakafu iliyopozwa na kiyoyozi, na matone yanaanza kudondoka kwenye mbao. Paf, ndani ya miaka michache una ukungu. Patandikwe nailoni nzito ardhini, pafungwe, pakaushwe kwa mashine. Lakini sheria za mafuriko za kiwanja chako ndizo zinazotangulia: zikidai matundu ya kupitishia maji, yawekwe.

Mwisho, ramani ya kununua haina sahihi ya mhandisi wa jimbo lako. Tenga fedha za kumlipa akukokotolee upepo na msingi wa mahali pako. Bila hiyo kibali hakitoki, na kikitoka kimekosewa.

Dada wa Tanga alinisikiliza mpaka mwisho. Tukaondoa milango miwili mipana ya kioo iliyotazama bahari, tukapunguza gereji ibaki ya gari moja, vifuniko vya kijani vikapewa bawaba. Baraza limebaki. Kisha akauliza: "Na mimi nikae chumba gani kimbunga kikija?" Hilo sasa ni swali la maana, na jibu lake ni jepesi: hukai. Nyumba tunaijenga isimame bila wewe kuwamo. Ukitangaziwa uhame, funga vifuniko, funga milango yote ya ndani, na ushike barabara ya I-26 kuelekea Columbia mapema, kabla njia zote hazijageuzwa upande mmoja na foleni haijakukuta.