Kenya: Mwenye ghala anaweza kupata hukumu bila mashahidi

Mfanyabiashara wa Uganda aliyekodi ghala Mombasa anaweza kuamriwa kulipa malimbikizo ya pango, au kuhama, bila shahidi hata mmoja kusimama kizimbani.

Amri ya 36 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, 2010, inamruhusu mwenye jengo kuomba hukumu ya mkato akidai kiasi kinachojulikana, au akidai jengo kwa mpangaji ambaye muda wake umekwisha, amepewa notisi ya kuhama au amepoteza haki kwa kutolipa. Nafasi hiyo ipo pale mpangaji alipoitikia wito wa mahakama lakini hajawasilisha utetezi, na siku za utetezi ni 14 tu.

Akichelewa, bado anaweza kujitetea kwa hati ya kiapo. Hatakiwi kushinda; hoja moja ya kweli inatosha, mathalani risiti za benki au makubaliano ya kukata gharama za ukarabati. Kukana tu hakusaidii.

Kwa maduka, ya jumla yakiwemo, mkataba wa mdomo au wa maandishi usiozidi miaka 5 unalindwa na Sura ya 301. Huko notisi ni miezi 2 au zaidi, na mgogoro huamuliwa na baraza maalum la kodi za majengo ya biashara.