Ndege Wahamao Mtoni: Somo la Mwaka Mzima

Yako mambo ya maumbile ambayo mwalimu hawezi kuyafundisha kwa kipindi kimoja, hata awe hodari namna gani. Mojawapo ni uhamaji wa ndege. Ndege mgeni na ndege mwenyeji huonekana asubuhi moja juu ya mto mmoja, wakivua samaki wale wale. Kuwatazama mara moja hakutoshi kumjua mgeni. Kinachomfichua ni kalenda.

Sisi wenyewe tulijifunza jambo hili kwa kukosea. Mwezi wa Januari, tukiwa na watoto wa darasa la tano kando ya mto Rufiji, tuliwaambia kwamba ndege wakubwa wavuao samaki pale ni wageni watokao Ulaya. Mtoto mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, yule mwenye kichwa cheupe ana kiota juu ya mti karibu na shamba letu. Hata masika yupo." Alisema kweli. Tai mla samaki, mwenye kichwa na kifua cheupe, ni mwenyeji wa Afrika. Mgeni ni yule mwingine, mwenye tumbo jeupe na mstari mweusi upitao machoni, ambaye huzaa kaskazini. Mtoto alikuwa na miezi ya kutazama. Sisi tulikuwa na kitabu tu.

Maarifa ya Msingi

Wageni wengi wa kaskazini hufika Afrika Mashariki kuanzia Septemba, nao huondoka Machi na Aprili. Hawakimbii baridi peke yake, bali njaa: huko maji huganda na wadudu hutoweka. Hurudi kwa kuwa majira ya joto ya kaskazini yana siku ndefu na wadudu tele wa kulishia makinda.

Safari zao hazifanani. Korongo weupe na tai wengi hupaa kwa kubebwa na hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini; kwa hiyo huepa bahari pana, na wengi huzunguka kupitia Bosphorus na Sinai. Vitwitwi wa matopeni, ambao baadhi yao huzaa Siberia, hupiga mabawa muda wote, nao huweza kusafiri usiku.

Utaratibu wa Somo

Mwalimu achague mahali palipoinuka, mbali na ukingo, kwa sababu ya mamba na viboko. Darasa liende hapo siku ile ile ya kila juma, saa moja asubuhi, kwa nusu saa. Kila kundi la watoto wanne liwe na daftari lenye safu tano: tarehe, umbo na rangi ya ndege, idadi, alichokuwa akifanya, na hali ya hewa. Jina laweza kusubiri.

Asipoonekana ndege, mtoto aandike "hakuna", wala asikaripiwe. Neno hilo, likiandikwa mwezi wa Juni, lina thamani sawa na ndege mia wa Desemba. Idadi nayo isipuuzwe, kwa maana baadhi ya wageni, hasa wachanga, hubaki huku mwaka mzima.

Mwisho wa mwaka watoto wachore grafu ya kila ndege, mwezi kwa mwezi. Ndipo waulizwe: yupi mwenyeji, yupi mgeni? Mwalimu anyamaze mpaka wajibu wenyewe, kisha awatake waonyeshe ushahidi daftarini.

Kazi hii isidharauliwe kwa kuwa ni ya shule. Mwaka 1899 Hans Christian Mortensen, mwalimu wa shule mjini Viborg, Denmark, aliwavika kwezi pete za alumini zenye namba, ili ndege akipatikana kwingine ajulikane alikotoka. Utaratibu huo umeenea duniani kote. Hatuna budi kukumbuka kwamba ulianza kwa mwalimu aliyetaka kujua, akaandika.