Kazi ya Kujitegemea: Patana Kwanza, Kisha Anza



Jamaa nyingi zilizohama kwa sababu ya mapigano ya Watwa na Waluba, hasa mwaka 2016 na 2017, ziliacha mashamba na vyombo vyao. Ufundi hawakuuacha. Hapa Kabalo kuna washonaji, waashi, maseremala na mafundi wa baiskeli wasio na bosi wala mshahara. Wanatafuta wateja wenyewe na kulipwa kazi kwa kazi.

Tunapokaa na jamaa hizo, lalamiko moja linarudi: kazi imekwisha, malipo hayaonekani. Ikiwa fundi ni mhamaji na mteja ni mwenyeji, ugomvi wa watu wawili unaweza kugeuka ugomvi wa makabila. Kwa hiyo mapatano mazuri ya kazi yanalinda mfuko na amani pia.

1. Hesabu bei yako. Tuseme unashona sare ya shule: kitambaa faranga 8,000, uzi 1,000, kukodi cherehani 2,000. Umekwisha tumia 11,000. Ukikubali 12,000, umefanya kazi siku nzima kwa faranga 1,000. Uliza bei ya vifaa sokoni kabla ya kumjibu mteja, maana treni ya Kalemie au Kamina ikichelewa, bei hupanda.

2. Andikeni mapatano. Karatasi moja inatosha: kazi gani, bei gani, siku ya kumaliza, nani ananunua vifaa. Asiyejua kuandika atie kidole gumba. Wawepo mashahidi wawili, mmoja wa upande wa fundi, mwingine wa mteja. Kila mmoja abaki na nakala yake.

3. Omba malipo ya kwanza. Yatoshe kununua vifaa. Yaliyobaki yalipwe siku ya kukabidhi kazi. Ukiona utachelewa, mwambie mteja mapema, usimkimbie.

4. Shika daftari. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila jioni andika kilichoingia na kilichotoka. Fedha ya kazi iwe mbali na fedha ya chakula. Likelemba itakusaidia kupata chombo chako mwenyewe, lakini weka kiasi unachoweza kutoa hata wiki isiyo na wateja.

Sheria ya OHADA, ambayo nchi yetu ilijiunga nayo mwaka 2012, inamtambua mtu anayejitegemea kwa kazi ndogo. Anajiandikisha bila malipo, na hesabu anayotakiwa kushika ni daftari hilohilo la kila siku.

5. Usitegemee mteja mmoja. Akihama au akiishiwa, nawe umeishiwa. Kazi nzuri kwa mwenyeji mmoja inakufungulia mlango wa jirani yake.

Kwa viongozi

Machifu, wakubwa wa kata na wasimamizi wa kambi, mkiletewa kesi ya malipo, ombeni kwanza karatasi na mashahidi. Msiulize kabila. Deni ni la mtu, si la kabila lake. Hukumu isikilizwe mapema, mbele ya pande zote mbili, na malipo yapewe siku maalumu.

Fundi aliyelipwa haki yake na mteja aliyepata kazi yake watasalimiana kesho sokoni. Amani ya Kabalo inahitaji salamu hizo.