Hata Ladha ya Macho Ina Sarufi Yake

Mtu akitaka kuzua ubishi katika chumba cha walimu, hana haja ya kutaja siasa wala mshahara. Na aulize tu iwapo matatu zilizopambwa kwa michoro ni nzuri au ni mbaya. Mmoja atasema kwamba ni uchafu unaotembea barabarani, kisha atawakumbusha wenzake kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwingine, aghalabu aliye kijana zaidi, atajibu kuwa huo ndio usanii ambao mwananchi wa kawaida huuona bila kulipa kiingilio. Kengele italia kabla hawajaafikiana.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si fundi wa magari. Hata hivyo, ubishi huu naujua vyema kwa sababu ni ule ule tunaoufanya kila siku kuhusu lugha. Maoni yangu ni kwamba kinachoitwa ladha mbaya, mara nyingi, ni mtindo ambao anayeulaumu hajajifunza kuusoma. Hapana shaka yapo magari yaliyopambwa vibaya, kama ilivyo mikutano yenye hotuba mbovu. Lakini ubovu huo hauwezi kuamuliwa na mtu ambaye hajui kanuni za mtindo anaouhukumu.

Tuanzie mbali kidogo, katika jimbo la California nchini Marekani, ambako shughuli ya kubadilisha magari ina historia ndefu. Katika miaka ya 1930 vijana wa huko walinunua Ford kuukuu, wakang'oa madigadi na kila kitu kisichosaidia mbio, wakaenda kushindana kwenye sakafu za maziwa yaliyokauka. Kufikia mwaka wa 1937 walikuwa wameunda chama cha kupima kasi zao. Gari la aina hiyo likaitwa hotirodi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndugu wawili, George na Sam Barris, wakapata sifa kwa kazi ya namna nyingine. Wao walikata nguzo za paa ili lishuke, wakaondoa vipini vya milango na kuziba viungo vya bodi mpaka gari likaonekana kana kwamba limefinyangwa kwa udongo mmoja. George alipenda kuliandika jina la kazi yake kwa herufi K mahali pa C, Kustom, na msomaji wa Kiswahili hawezi kumlaumu kwa tahajia hiyo.

Mtindo wa tatu ulichipuka miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Mexico, hasa mashariki mwa Los Angeles. Hao walilishusha gari mpaka likakaribia kugusa lami, wakalipaka rangi zenye kung'aa na kuliendesha polepole mno, ili wazee mlangoni na wasichana njiani wapate kulitazama. Gari hilo huitwa loraida.

Sasa tazama tofauti zao. Jimbo ni moja, barabara ni zile zile, na wote ni wapenzi wa magari. Lakini hotirodi husifiwa kwa kasi, gari la akina Barris kwa umbo, na loraida kwa mwendo wa madaha. Kumuuliza mwenye loraida sababu ya kutokwenda mbio ni sawa na kumuuliza manju wa mashairi kwa nini hakuandika barua. Tena ndani ya kila kundi wamo wajuzi wanaotambua kazi njema na kazi ya kulipua. Mwenye hotirodi iliyopakwa rangi za kupendeza lakini haina mbio huchekwa na wenzake. Mwenye loraida ambayo mistari yake imepinda huchekwa vilevile na wa kwake. Hiyo ndiyo dalili ya sarufi: pale ambapo mtu anaweza kukosea, pana kanuni.

Dola nayo haikukaa kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1950, sheria ya California ilikataza bodi ya gari kushuka chini ya ukingo wa rimu za magurudumu yake. Mnamo 1959 kijana aitwaye Ron Aguirre akaifungia Corvette yake pampu za mafuta za namna inayotumika katika ndege, akaweza kuiinua na kuishusha kwa kubonyeza swichi. Polisi akionekana, gari lilipanda, akipita, lilishuka. Kile kilichobuniwa ili kuikwepa sheria kikageuka kuwa fahari ya mtindo wenyewe, na leo loraida hurukaruka kwenye mashindano kwa nguvu za pampu kama hizo. Iliwabidi wapenzi wake wangoje hadi mwaka wa 2023 ndipo Gavana Gavin Newsom akatia sahihi sheria ya kuondoa marufuku hiyo, ambayo ilianza kutumika Januari 2024.

Turejee nyumbani, maana Nairobi nayo ina lahaja zake za magari. Mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka wa 1970, hufanyika katika uwanja wa Ngong Racecourse, ambako waamuzi hukagua gari kuanzia injini hadi chini ya bodi. Mwenye gari kuukuu husifiwa huko kwa kulihifadhi lilivyotoka kiwandani. Kundi la pili ni vijana wa magari ya Kijapani, Subaru na mengineyo, ambao hufupisha springi, hubadilisha rimu na kuiacha ekzosi ingurume. Sifa zao zimo katika injini na mngurumo. Kundi la tatu ni la nganya: basi dogo lililojengewa bodi na mafundi wa humu nchini juu ya chasi ya lori, likachorwa sura za wanamuziki na wachezaji, likatiwa taa, runinga na muziki wa kutikisa kifua.

Mtu wa Concours akiitazama nganya huona vurugu. Lakini mwulize mwanafunzi anayepanda matatu za Buruburu au za Ongata Rongai. Atakueleza ni ipi iliyochorwa na mkono uliokomaa, ni ipi iliyoiga nyingine, na ni ipi ambayo rangi zake "zimepitwa". Yuko tayari kuziacha matatu tatu tupu zipite huku akiingojea moja. Hata jina limebadilika: waliokuwa vijana katika miaka ya 1990 waliita gari la aina hiyo manyanga, wa leo husema nganya. Ndivyo Sheng inavyofanya pia, kwani neno likishajulikana na wazazi, vijana hutafuta jingine. Na yale maandishi yaliyo nyuma ya gari, je, hayafanani na majina ya kanga? Huyatangaza maneno ambayo mwenyewe hangependa kuyasema kwa kinywa chake, na anayeambiwa hujijua.

Humu nchini nako serikali iliingilia kati. Kanuni zilizotolewa mwaka wa 2003 chini ya Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zikaanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mambo mema: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na kikomo cha abiria. Pamoja na hayo zikaamuru kila matatu ipigwe mstari wa manjano ubavuni, na michoro ikapigwa vita. Mwaka wa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema matatu zenye michoro zisisumbuliwe. Novemba 2018 msako wa kutekeleza kanuni zile ukarejea. Wachoraji wakawa hawajui kama kazi ya mikono yao ni ajira au ni hatia.

Kosa la kanuni hizo, kwa maoni yangu, ni kuviweka kapu moja vitu viwili visivyo vya jamii moja. Mkanda huokoa maisha. Rangi haiui wala haiokoi. Najua nitajibiwa kwamba uzuri wa mkakasi ni ndani kipande cha mti: kwamba nganya nyingi huendeshwa kwa fujo, na kwamba muziki wake humnyima mgonjwa usingizi. Ni kweli, na mwenye kufanya hivyo na aadhibiwe. Gurudumu lenye kipara halitetewi na sarufi yoyote. Lakini basi lisilo na mchoro hata mmoja nalo huweza kukatika breki. Anayeadhibu rangi kwa makosa ya breki hajarekebisha breki.

Walimu wenzangu, jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Katika miaka ya 1960 mwanaisimu William Labov alichunguza Kiingereza cha vijana weusi wa Harlem, ambao walimu wao walidhani wanaongea ovyo. Akagundua kwamba kitenzi walichodhaniwa kukisahau huachwa tu mahali ambapo Kiingereza sanifu huruhusu kifupishwe. Palipodhaniwa kuwa hapana sheria, palikuwa na sheria. Hapa petu, mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi huo ulitupa lugha moja ya kufundishia, nami ninaufuata katika kuandika. Haukusema, wala haukuweza kusema, kwamba Kimvita chenye hazina kubwa ya ushairi ni Kiswahili kilichoharibika.

Kwa hivyo, insha ya mwanafunzi ikija ina maneno ya Sheng, tusiitupe wala tusiisifu kabla ya kujiuliza swali moja: je, neno hili linamzuia msomaji asielewe, au limeniudhi mimi tu? La kwanza ni sawa na breki. Tulisahihishe bila huruma. La pili ni rangi. Tumweleze mwanafunzi kwamba mtihani una rangi yake inayotakiwa, naye atajifunza kuitumia bila kuambiwa kwamba ile ya mtaani kwao ni uchafu.

Nanyi wanafunzi, mna zamu yenu. Mnaocheka magari ya wazee yanayong'arishwa mwaka mzima ili yaonyeshwe siku moja mnafanya kosa lile lile mnalofanyiwa. Chagueni gari moja la mtindo msioupenda, mlieleze kwa Kiswahili fasaha: rangi zake, mistari yake, na kila kitu ambacho fundi aliamua kukiacha. Mkimaliza, semeni kama ni baya. Huenda bado mtasema ndiyo, lakini safari hii mtakuwa na sababu.